Ofa na pointi za wateja dukani: namna ya kuziweka bila kula mtaji

Maswali ni yale yale. Nipunguze asilimia ngapi? Pointi moja iwe na thamani gani? Kadi ya muhuri, ile inayogongwa kila mteja anaponunua, inalipa au ni kujichosha tu? Na kwa nini mwezi wa ofa duka lilijaa watu, halafu hela ya kwenda kuchukua mzigo Kariakoo haikutosha?

Mwongozo huu ni wa mwenye fremu moja au mbili hapa Dar es Salaam, awe Sinza, Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, na wa anayeuza kwa simu na kutuma mizigo kwa bodaboda. Mfano wetu ni duka la vipodozi. Hesabu hazibadiliki hata ukiwa unauza vyombo, nguo za watoto au vifaa vya simu.

Andaa hivi kwanza

- Bei halisi ya kununulia kila bidhaa utakayoiweka kwenye ofa. Jumlisha humo nauli ya mzigo, hela ya mbebaji na mfuko wa kufungia.
- Mauzo ya wiki 4 zilizopita, bidhaa kwa bidhaa. Ukiwa na jumla ya siku peke yake hutajua ofa imefanya nini.
- Idadi ya mzigo uliopo rafuni na stoo, uliohesabiwa kwa mkono.
- Daftari jipya, au simu yenye Google Sheets au Excel.
- Mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) kama unayo, na mtu anayejua kuingiza punguzo kabla risiti haijatoka.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Ofa yenye mabosi wawili haina masharti.

Hatua ya 1: Hesabu faida itakayobaki

Punguzo lote hulipwa na faida, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chukua mafuta ya kujipaka unayonunua 7,000 na kuuza 10,000. Faida ghafi ni 3,000 kwa chupa. Ukipunguza bei kwa 10% umetoa 1,000, yaani theluthi nzima ya faida.

Kanuni ya kutumia: gawa faida ya sasa kwa faida itakayobaki baada ya punguzo. Jibu ni mara ngapi mauzo yanapaswa kukua ili usirudi nyuma. Tuseme unauza chupa 40 kwa wiki:

- Punguzo la 5%: unauza 9,500, inabaki 2,500. 3,000 ÷ 2,500 = 1.2. Unatakiwa kuuza chupa 48.
- Punguzo la 10%: unauza 9,000, inabaki 2,000. Mara 1.5, chupa 60.
- Punguzo la 20%: unauza 8,000, inabaki 1,000. Mara 3, chupa 120.
- Punguzo la 30%: hakuna kinachobaki, hata ukiuza lori zima.

Jiulize kwa ukweli: mtaa wako una watu wa kununua chupa 120 za mafuta hayo kwa wiki? Na wewe unao mtaji wa kuzileta? Kodi ya fremu, Luku na mshahara wa msaidizi vinaendelea kudai vile vile wakati wa ofa, kwa hiyo kutopata hasara kwenye chupa moja hakutoshi. Faida ya wiki nzima ndiyo isishuke.

Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), toa kodi kwanza. Kwenye bei yenye VAT ya 18%, kodi iliyomo ni bei × 18 ÷ 118. Bidhaa ya 11,800 ina kodi ya 1,800, yako ni 10,000. Ikishuka kwa 10% hadi 10,620, yako ni 9,000. Bei ya kununulia nayo iandike bila VAT unayoidai, la sivyo unalinganisha embe na nazi.

Hatua ya 2: Chagua ofa kulingana na shida yako

Kuweka ofa kwa sababu jirani kaweka siyo sababu. Taja shida kwanza.

Mzigo umelala, au tarehe ya mwisho wa matumizi inakaribia: punguza bei moja kwa moja kwa siku chache, na tarehe mwambie mteja. Kilichokwisha muda hakiingii kwenye ofa, kinatolewa rafuni.

Wateja wananunua kitu kimoja kimoja: tumia ofa ya idadi, lakini ujue uzito wake. "Nunua 2 pata 1 bure" ni punguzo la 33.3%. "Nunua 3 pata 1" ni 25%. "Nunua 5 pata 1" ni 16.7%, na "nunua 10 pata 1" ni 9.1%. Kwa yale mafuta ya 7,000 kwa 10,000, "nunua 2 pata 1" inakuingizia 20,000 kwa bidhaa ulizonunua 21,000. Bango la namna hiyo linavutia sana, na ni hasara tangu mteja wa kwanza.

Wateja wananunua mara moja na kupotea: hapo ndipo pa pointi au kadi.

Kisha kuna nyongeza, ofa ya zamani kuliko zote. Anayeuza nyanya kwa mafungu anajua siri yake: nyanya anayoongeza juu ya fungu yeye inamgharimu bei ya shambani, mteja anaihesabu kwa bei ya sokoni. Fanya hivyo hivyo. Sabuni unayonunua 1,000 na kuuza 2,000, ukimpa mteja aliyenunua vya 30,000, anaona amepata 2,000 na wewe imekutoka 1,000. Punguzo la 2,000 lingekutoa 2,000 kamili. Kwa maduka madogo, nyongeza iliyochaguliwa vizuri hushinda punguzo karibu kila mara. Isitumike tu kama jalala la vitu visivyonunulika, maana mteja naye ana macho.

"Usafiri bure" uogope. Kutoka Sinza kwenda Mwenge na kutoka Sinza kwenda Bunju au Chanika ni safari mbili tofauti kabisa. Ukiutoa, taja maeneo kwa majina na weka kiwango cha chini cha manunuzi ambacho faida yake ni angalau mara mbili ya hela ya bodaboda.

Kuhusu wakati: usipunguze bei pale ambapo watu wangenunua hata bila ofa. Mishahara ikishatoka, au siku za mwisho kuelekea Idi, mfuko una hela na mteja anakuja mwenyewe. Ofa ina kazi katikati ya mwezi, na Januari baada ya ada na sare za shule kukomba kila kitu.

Hatua ya 3: Andika masharti kabla ya kutangaza

Yaandike kwenye karatasi moja na uyabandike kaunta. Yasizidi mistari michache:

1. Bidhaa zilizomo, kwa jina na ujazo. "Mafuta yote" ni ugomvi, "mafuta ya 400 ml ya rafu ya kushoto" ni ofa.
2. Inaanza lini na inaisha lini, kwa siku na saa.
3. Kila mtu mwisho ngapi. Bila mstari huu, mwenye duka la mtaa wa pili atakuja asubuhi abebe zote.
4. "Au mzigo ukiisha", na idadi ya mzigo wa ofa ukiweza.
5. Haichanganywi na ofa nyingine, pointi wala bei ya jumla.
6. Bei ya ofa ni ya mwisho.

Mstari wa 6 ni muhimu kwa mji huu kuliko unavyoonekana. Mteja wa Dar amezoea kuuliza "mwisho bei gani?" hata mbele ya kibao cha bei. Ukiweka 9,000 kwenye bango kisha ukakubali 8,500 kwa kuombwa, umetoa 15% wakati hesabu yako ilikuwa ya 10%. Mpe muuzaji sentensi ya kujibia: "Hiyo tayari ni bei ya ofa, mama. Ikiisha tunarudi elfu kumi."

Mstari wa 5 nao una mtego wa hesabu. Punguzo la 20% likifuatiwa na la 10% ni 28%, si 30%, kwa sababu la pili linakatwa kwenye bei iliyokwisha kushuka. Mteja atadai 30, muuzaji atatoa yoyote. Zuia kuchanganya na mjadala umekwisha.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye mfumo, mashine na rafu

Kama unatumia programu ya mauzo au duka la mtandaoni, angalia saa kabla ya kitu kingine chochote. Saa mbili usiku kwenye mfumo ni 20:00. Anayeandika 02:00 amefungua ofa saa nane usiku, watu wamelala. Hakikisha mfumo uko kwenye saa za Afrika Mashariki, yaani GMT+3. Ukibaki kwenye GMT, ofa uliyopanga ifungwe saa sita usiku itafungwa saa tisa. Na ukiandika mwisho "tarehe 31, 00:00", ofa inakufa siku hiyo inapoanza, hivyo siku nzima ya 31 imepotea. Andika 23:59.

Zungusha bei hadi mia iliyo karibu. Bei ya 8,730 kaunta ni vita ya chenji siku nzima, na muuzaji ataishia kuwaachia watu 30 yao au kuwapa pipi. Weka 8,700.

Kwenye EFD, risiti ionyeshe kiasi ambacho mteja amelipa kweli. Usitoe risiti ya 10,000 kisha ukamrudishia 1,000 mkononi, maana ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine, itahesabu mauzo ambayo hukuyapata. Kwa ofa ya "nunua 3 pata 1", daftari la mzigo lionyeshe kuwa zimetoka zote nne, ikiwemo ile ya bure.

Badilisha vibao vya bei rafuni jioni kabla ya siku ya ofa, siyo asubuhi wateja wakiwa mlangoni. Acha bei ya zamani ionekane ikiwa imekatwa mstari. Iwe ni bei uliyokuwa unauzia kweli: kupandisha hadi 13,000 leo ili kesho "ushushe" hadi 10,000 ni udanganyifu wa bei, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Isitoshe, mteja wako alipita Kariakoo wiki iliyopita, bei anazijua.

Hatua ya 5: Panga pointi

Anza na kiwango hiki: pointi 1 kwa kila 1,000 aliyolipa, na kila pointi ina thamani ya 20. Hiyo ni 2% ya mauzo. Kama faida yako ghafi ni 30%, unatoa takribani moja ya kumi na tano ya faida, ambayo duka linabeba. Kwa vyakula vya nyumbani ambavyo faida ni 8 au 10%, shusha pointi iwe 5 au usianze kabisa.

Kiwango cha kuanzia kutumia pointi kisiwe mbali. Mteja anayenunua vya 15,000 mara mbili kwa mwezi anapata pointi 30. Ukisema mpaka zifike 100, atasubiri zaidi ya miezi 3 na atasahau. Weka 50, sawa na 1,000, atazifikia kabla ya miezi 2 kwisha.

Jedwali liwe na safu sita: A tarehe, B namba ya simu, C kiasi alicholipa, D pointi alizopata, E pointi alizotumia, F namba ya risiti. Kwenye D2 andika:

=ROUNDDOWN(C2/1000,0)

Salio la mteja: weka namba yake G2, na kwenye H2 andika:

=SUMIF(B:B,G2,D:D)-SUMIF(B:B,G2,E:E)

Kabla ya kuingiza mteja wa kwanza, fanya safu za B na G ziwe za maandishi, si tarakimu. Vinginevyo 0 ya mwanzo itadondoka. Kubalianeni mtindo mmoja: tarakimu 10, ianze na 0, bila nafasi katikati. Mteja aliyeandikwa leo kwa 0 na kesho kwa 255 ni wateja wawili kwa jedwali.

Safu ya C ni fedha iliyolipwa tu. Sehemu iliyolipwa kwa pointi haizai pointi.

Jambo ambalo wengi hawalioni mpaka limewabana: pointi ambazo hazijatumika ni deni. Jumlisha zote kila Jumapili na uzidishe kwa 20. Pointi 4,000 ni 80,000 ambayo wateja wanaweza kuja kuidai wiki moja. Tenga hela hiyo kwenye laini ya pembeni au kibubu, isichanganyike na ya kununulia mzigo. Weka ukomo wa miezi 6 na uuseme siku mteja anapojiunga. Ukitaka kufunga mpango, toa taarifa siku 60 kabla, watu watumie walichonacho.

Namba za simu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata duka dogo. Mwambie mteja unaichukua kwa kazi gani, apate nafasi ya kukataa matangazo, akiomba kufutwa mfute, na usimpe mtu orodha yako. Wakusanyaji wa taarifa hujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo orodha ikianza kukua lishughulikie hilo.

Kadi ya muhuri inafaa pale ambapo kila mauzo ni bei moja: kunyoa, kuosha gari, kikombe cha kahawa. Duka la bei mchanganyiko likitumia muhuri, aliyenunua kiberiti na aliyenunua mafuta ya 10,000 wanagongewa sawa.

Hatua ya 6: Ziba mianya

Wizi wa kwanza ni huu: muuzaji anauza kwa bei kamili, anaandika bei ya ofa, anaweka tofauti mfukoni. Bango la bei liwe mahali mteja analiona mwenyewe, kila mtu apewe risiti, na baada ya saa ya kufunga usikubali "nilisahau kuandika ya ofa". Hesabu mzigo wa ofa asubuhi na jioni.

Wa pili: pointi za wateja wasiojiunga zinaingia kwenye namba ya muuzaji au ya shemeji yake. Panga jedwali kwa namba. Namba yoyote inayoonekana mara 3 kwa siku iulizie, na linganisha na namba za risiti.

Wa tatu: muhuri. Mchonga mihuri hamuulizi mtu ni wa nani. Kadi ziwe na namba za mfululizo, na kila pigo liambatane na saini na tarehe.

Wa nne: neno la siri la punguzo ulilowatumia wateja 30 linafika kwenye makundi ya WhatsApp ya watu 1,000. Liwekee ukomo wa matumizi, au toa neno tofauti kwa kila mteja.

Hatua ya 7: Tangaza

Bango mlangoni, stetasi ya WhatsApp, na ujumbe kwa wateja wa zamani. Ujumbe wa brodikasti wa WhatsApp unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi siku anayojiunga na pointi. Na andika bei. "Bei njoo inboksi" inafukuza wateja wengi kuliko inavyoleta.

Mfano: "Mafuta 400 ml 9,000 badala ya 10,000. Jumatano hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mwisho chupa 3 kwa mtu, au mzigo ukiisha."

Ukifikiria bahati nasibu, kwamba wateja watumbukize majina na mmoja ajishindie friji, simama hapo. Droo za kushinda kwa bahati ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na zinahitaji kibali chake.

Hatua ya 8: Pima baada ya wiki ya pili

Usipime siku ofa inapoisha. Wateja hununua za akiba kisha wiki inayofuata hawaji. Angalia hesabu hii ya punguzo la 10%:

Wiki mbili za kawaida: chupa 80 × 3,000 = 240,000.
Wiki ya ofa: chupa 66 × 2,000 = 132,000.
Wiki iliyofuata: chupa 30 × 3,000 = 90,000.
Jumla 222,000.

Ukiangalia wiki ya ofa peke yake umepata 12,000 zaidi ya kawaida. Ukiangalia wiki mbili umepoteza 18,000. Kilichoweza kuiokoa ni vitu vingine ambavyo wateja hao walinunua siku hiyo, au wapya waliorudi. Ndiyo maana risiti nzima ihifadhiwe, siyo mstari wa bidhaa ya ofa tu.

Mambo yakienda kombo

*Mzigo umeisha siku ya kwanza.* Ng'oa bango saa hiyo hiyo na ufute stetasi. Anayekuja na picha ya tangazo mwonyeshe mstari wa "au mzigo ukiisha". Kama hukuuandika, mpe bei ya ofa mzigo mpya ukifika na ulipe ada ya kujifunza.

*Mteja anarudisha bidhaa ya ofa.* Rudisha alicholipa, si bei kamili. Kwenye jedwali ongeza mstari mpya wenye kiasi hasi, mfano -9,000, pointi zitatoka zenyewe. Usifute mstari wa zamani.

*Salio linasoma 0 na mteja ana risiti.* Mara nyingi kuna nafasi katikati ya namba, au imeandikwa kwa 255. Tafuta tarakimu 3 za mwisho.

*Mteja ana pointi nyingi kuliko manunuzi yake.* Tazama safu ya C: mtu ameandika 150000 badala ya 15000. Weka rangi nyekundu ijitokeze kwa kiasi chochote kinachozidi 100,000.

*Hakuna anayetumia pointi.* Hawajui salio. Muuzaji aliseme kila anapotoa risiti: "Una pointi 42, bado 8."

*Watu hawanunui mpaka ofa.* Umekuwa ukiiweka tarehe ile ile kila mwezi, nao wameikariri. Ruka miezi 2, kisha irudishe kwa bidhaa nyingine na siku nyingine, ikiwezekana kwa nyongeza badala ya kushusha bei.